Ubora Una Wenyewe Wangapi?

Ikiwa mtu mmoja amejenga kibanda na kibanda kikaanguka, lawama yajua mahali pa kwenda. Lakini kitu kilichopita katika mikono ishirini kabla ya kumfikia mtumiaji, kikaonekana kibovu, hakina mkosaji. Kila mkono huelekeza kidole kwa mkono uliotangulia, na mkono wa kwanza kabisa huisingizia mvua. Basi wajibu wa ubora ni wa nani? Swali hili ni la kila duka, kila kiwanda na kila gati, na ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la biashara. Nataka kulichungua kwa kutazama mahali padogo ambapo biashara mbili zimekutana: Kemondo, bandari iliyo kusini ya mji wa Bukoba katika pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria.

Kwa muda mrefu jibu la wenye viwanda lilikuwa mkaguzi. Mtu asimame mlangoni mwishoni mwa kazi, achague, akubali hiki na kutupa kile. W. Edwards Deming, Mmarekani ambaye mwaka 1950 aliwafundisha wenye viwanda wa Japani, alilipinga jibu hilo. Alisema kuwa ukaguzi wa mwisho huja wakati ubaya umekwisha kuingia na gharama yake imekwisha kulipwa. Ubora sharti utiwe katika kitu wakati kinapofanywa, na wale wanaokifanya. Mwaka 1984 R. Edward Freeman, Mmarekani mwingine, alichapisha kitabu kilichoeneza fikira kwamba biashara si ya wenye mtaji peke yao, bali inawahusu wote wanaoweza kuigusa au kuguswa nayo: wafanyakazi, wauzaji wa malighafi, wanunuzi, majirani. Kanuni ya kimataifa ya ISO 9001, katika toleo lake la 2015, inaitaka kila taasisi iwatambue watu wa namna hiyo na iyajue matakwa yao. Kiswahili kimewapa jina la wadau.

Jina hili limetumika mno hata limekuwa butu. Katika kila mkutano wadau hualikwa, hupewa chai, husikiliza hotuba, hutia sahihi zao na kuondoka. Walakini lina sauti ya dau ndani yake, na dau kwetu lina maana mbili: ni chombo cha kusafiria majini, tena ni fedha anayoiweka mchezaji mbele yake huku akijua kuwa yaweza kupotea. Sina haja ya kuamua ni dau lipi lililomzaa mdau. Kwa insha hii yote mawili yanafaa, maana Kemondo pana vyombo, na pana watu waliokwisha kuweka mbele yao vitu wasivyoweza kuvirudisha.

Fikira iliyoenea ni kwamba mtu akiwa na dau katika jambo, atalilinda. Mimi naona fikira hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo nzito. Kuumia kwa ubora kukosekana hakumfanyi mtu kuwa mlinzi wa ubora. Mlinzi ni yule aliye na dau na pia ana uwezo wa kukataa.

Tuanze na kahawa. Katika nchi ya Bukoba na Muleba mibuni husimama ndani ya vibanja, chini ya migomba, karibu na nyumba. Kahawa ilikuwako huko kabla ya Wazungu kufika. Wahaya waliitafuna buni iliyochemshwa kwa majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, na walimpa mgeni kama wengine wampavyo mgeni tambuu. Tena ilikuwa sehemu ya udugu wa kuchanjiana, uitwao omukago: tunda la kahawa lina punje mbili, na kila mmoja wa wale wawili alikula punje iliyopakwa damu ya mwenziwe. Nitarudi kwa desturi hii baadaye.

Kahawa nyingi ya mkoa wa Kagera ni robusta. Matunda yakichumwa huanikwa juani pamoja na maganda yake kwa wiki mbili mpaka nne, kisha hupelekwa katika chama cha msingi, hupimwa kwa mizani, hutiwa katika magunia, hukobolewa kiwandani, na huko uzito wake hupungua kadiri ya nusu. Baadaye huuzwa, husafirishwa, huonjwa na watu wa mbali, hukaangwa, na mwishowe hutiwa katika kikombe cha mtu asiyejua Kemondo iko wapi. Shirika la Kimataifa la Kahawa, katika azimio lake la mwaka 2004, lilitaka unyevu wa kahawa inayouzwa nje usipite asilimia 12.5, na katika sampuli ya gramu 300 za robusta kasoro zisipite 150. Kasoro ni punje nyeusi, punje iliyovunjika, punje iliyotobolewa na wadudu, na kadhalika.

Jambo la ajabu katika ubora wa kahawa ni kwamba hauongezeki njiani. Chuma hutoka katika tanuri kikiwa bora kuliko kilivyoingia, na mti hutoka katika mkono wa seremala ukiwa na thamani zaidi. Lakini buni, tangu siku inapokatika kitawini, haina mkono utakaoweza kuitia wema isiokuwa nao. Kila mkono huweza kuhifadhi au kupunguza tu. Tunda likichumwa bichi, mkoboaji hawezi kuliivisha. Likianikwa juu ya udongo mtupu likanywa harufu ya udongo, mkaangaji wa Ulaya, hata akiwa na mitambo ya thamani, hataiondoa harufu hiyo. Kwa hiyo mkono wa kwanza una uwezo mkubwa kuliko mikono yote juu ya ubora, na mkono huo huo ndio aghalabu unaopata sehemu ndogo ya bei na habari chache za hukumu iliyotolewa huko mbele. Katika utawala wa nchi, mpango unaoweka uwezo mahali pamoja na faida mahali pengine tungeuita dhuluma. Katika biashara tunauita mnyororo wa thamani.

Hapa ndipo inapoingia butura. Butura ni desturi ya Kagera ya kuuza kahawa ingali juu ya mbuni, pengine ingali ua. Mkulima ana mgonjwa, au mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa ada, au msiba umemwangukia. Mtu mwenye fedha huja, hutazama mibuni, hutaja bei, na bei hiyo huwa ndogo kwa sababu shida ya muuzaji ni kubwa. Msimu ufikapo, matunda si ya mwenye kibanja tena. Serikali imeikataza desturi hii mara nyingi, na viongozi wameihutubia kwa maneno makali, lakini haijafa.

Tazama jinsi butura inavyougeuza ubora. Mkulima amekwisha kula fedha yake, na hana sababu ya kupalilia, wala kutandaza majani, wala kungojea tunda liwe jekundu. Mnunuzi ana dau, lakini dau lake ni la uzito wa msimu mmoja. Mti si wake. Anaogopa wezi, anaogopa mvua, anaogopa hata mwenye kibanja asije akachuma usiku. Basi mara nyingi huchuma yote kwa siku moja, mabivu kwa mabichi, na kuvuta kitawi mpaka kikavunjika. Mbuni ambao ungezaa miaka mingi unatendewa kama mhindi wa shambani. Mmoja anao mti bila matunda, mwingine anayo matunda bila mti, na ubora, ambao unazaliwa mahali mti na matunda yanapokutana, hauna mwenyewe.

Wahubiri wengi wa ubora humlaumu mkulima hapa. Husema hana subira, hajui thamani ya mali yake, anywe maji ya mtungi wake mwenyewe. Lawama hii naiona nyepesi. Utaratibu wa ushirika umekuwa wa kumlipa mkulima malipo ya kwanza anapoleta kahawa, kisha malipo mengine baada ya kahawa kuuzwa, na katika miaka mibaya malipo hayo yamekawia sana. Mgonjwa hangoji malipo ya pili. Mtu anayeuza ua la mbuni ili anunue dawa hajadharau ubora wa kahawa. Amepima vitu viwili katika mizani, na kimoja kilikuwa uhai. Ukimwita mdau na kumpa hotuba juu ya kuchuma mabivu, umemwambia jambo alilolijua kabla hujazaliwa. Hotuba haimpi uwezo wa kuikataa bei ya butura, na uwezo huo ndio anaoukosa.

Zamani serikali ya mkoloni ilijaribu njia nyingine, nayo ni amri. Katika miaka ya 1930 zilitolewa kanuni za kuwalazimisha wakulima wa Bukoba waitunze mibuni kwa namna iliyoamriwa, na mwaka 1937 kanuni hizo zilileta ghasia. Mtu akizisoma leo, yamkini atasema kuwa mengi yaliyotakiwa yalikuwa mema kwa mti: kupogoa, kupalilia, kuzuia maradhi. Je, waliokataa walikuwa adui wa ubora? Wakati ule ule walikuwako Wahaya waliounda chama chao cha wakulima, wakitaka kukoboa na kuuza kahawa yao wenyewe. Watu wasiojali ubora hawajisumbui kutafuta mashine ya kukoboa. Walichokikataa ni kupewa kazi ya ubora pasipo kupewa neno juu ya ubora. Mkulima alitakiwa aongeze jasho, na bei ikabaki kuwa shauri la watu wengine. Tena aliogopa, si bila sababu, kwamba anayeweza kumwamuru namna ya kupogoa mti katika kibanja chake kesho ataweza kumwamuru juu ya kibanja chenyewe. Ubora ulikuja kwake ukiwa umevaa nguo za askari, akaupinga askari.

Sasa niiache kahawa kwa kitambo, nishuke gatini. Nimesema mlinzi wa ubora lazima awe na uwezo wa kukataa. Mtu aweza kunijibu kwamba kila mtu anao uwezo huo: asiyependa kitu asikinunue, asiyeiamini meli asiipande. Jibu hili linahitaji kupimwa, na Kemondo ina kipimo chake, kipimo cha huzuni.

Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo na kupakia zaidi, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 ilizama, ikiwa karibu kufika, na mamia ya watu wakafa. Ilikuwa meli ya kuchukua abiria 430. Orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Biashara ya kusafirisha watu ina ubora wake, nao ni kufika. Hakuna mdau katika dunia hii aliye na dau kubwa kuliko abiria, maana ameweka uhai wake, na pengine wa mtoto aliye mgongoni. Kama ingekuwa kweli kwamba mwenye dau hulilinda dau lake, meli za abiria zisingehitaji sheria. Lakini abiria wa Kemondo usiku ule alikuwa na nini mkononi? Barabara ya kuzunguka ziwa wakati ule ilikuwa ndefu na mbaya. Mikungu yake ya ndizi ingeiva na kuoza kabla ya meli nyingine. Macho yake hayawezi kupima kina cha chombo majini wala kujua ni tani ngapi zilizo chini. Tena, na hili ndilo zito, kukataa kwake kusingeibadilisha meli. Angeshuka yeye, angepanda mwingine, na chombo kingeondoka na uzito ule ule. Kukataa kwa mtu mmoja kunamwokoa mtu mmoja. Ubora wa safari unabaki kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo sina budi kuirekebisha hoja yangu kidogo. Uwezo wa kukataa unaolinda ubora si ule wa kuondoka kimya. Ni uwezo wa kusema neno likalisimamisha jambo: meli haing'oi nanga, gunia halipokewi, bei haikubaliwi. Neno hilo lazima liwe na mahali pa kusemewa na mtu wa kulitii. Na ili liwe nalo, sharti kwanza msemaji awe amehesabiwa. Kila nirudipo kwa habari ya meli hii, jambo linalonishughulisha kuliko uzito wake ni orodha. Watu wa daraja la tatu walilipa nauli, wakapewa nafasi, lakini hawakuandikwa. Walikuwa mzigo wa meli wala hawakuwa hesabu yake. Muuza butura naye ni wa daraja la tatu: kahawa yake hupimwa kwa jina la mtu mwingine, na jina lake halimo katika daftari la chama. Huwezi kumwuliza maoni mtu ambaye hayumo katika daftari, seuze kumtii.

Ushirika, kwa asili yake, ulikuwa chombo cha kukataa kwa pamoja. Mkulima mmoja mwenye magunia mawili hawezi kumwambia mnunuzi neno. Wakulima elfu waliokubaliana wanaweza. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kilianza mwaka 1950, na katika miaka ya 1960 Bukoba ilipata kiwanda cha kahawa ya unga, TANICA, ambacho wanaushirika walikuja kuwa na hisa ndani yake. Hapo mtu wa kibanja alikuwa na dau mpaka ndani ya kopo. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi yao ikapewa mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1982 iliwarudisha, na chama kikuu cha Kagera, KCU, ni mrithi wa historia hiyo. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na katika miaka ya 1990 soko la ndani lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Sitaki kuupamba ushirika. Kamati imeweza kuwa bwana wa pili juu ya mkulima, na mizani ya chama imeweza kuiba kama mizani ya dukani. Aliyekuwa mwanachama kwa kadi tu hakuwa mbali sana na yule wa daraja la tatu. Lakini nikitazama nyuma naona kuwa kila mara ushirika ulipoharibika, kilichokufa kwanza ni uwezo wa mwanachama kusema hapana ndani ya mkutano, na ubora wa kahawa ulifuata baadaye. Wale wanaoupima ubora kwa kuonja kikombe wangeweza kupata habari mapema zaidi kwa kusoma kumbukumbu za mikutano.

Mtu aliyenyimwa mahali pa kukataa hakosi kupatafuta. Kahawa ya Kagera imekuwa ikivuka mpaka kwenda Uganda kwa magendo, hasa bei ya huko inapokuwa nzuri na fedha inapolipwa papo kwa papo. Viongozi huliita jambo hili uhujumu, na kwa sheria lina makosa. Mimi naliona pia kuwa ni hapana iliyosemwa usiku na watu ambao hapana yao ya mchana haikusikika. Lakini lina hasara yake kwa ubora, nayo haifutwi na sababu zake. Gunia lililovuka usiku limepoteza jina. Wema wake, kama lilikuwa nao, huhesabiwa kwa nchi nyingine; ubaya wake haumrudii aliyeufanya. Mchumaji makini na mchumaji wa ovyo huchanganywa katika rundo moja, na yule makini hujifunza kuwa umakini haulipi.

Sasa nirudi kwa omukago. Wengine wanaweza kuiona kuwa desturi ya kale isiyo na fundisho kwa meneja wa kiwanda. Lakini wale wawili waliokula punje za tunda moja walikuwa sawa katika jambo moja kubwa: kila mmoja alibeba ndani ya mwili wake kitu cha mwenziwe, na laana ya kuvunja udugu ilimngoja kila mmoja bila kupendelea. Usawa huo haupo kati ya mkulima wa Kemondo na mfanyabiashara wa mbali, wala sitegemei utakuwepo kwa maneno. Mkaangaji akipata kahawa mbaya, atanunua kwa nchi nyingine mwezi ujao. Mkulima akipata bei mbaya, mibuni yake ipo palepale, chini ya migomba, na kuing'oa ni kuitupa kazi ya baba yake. Mmoja anaweza kuondoka, mwingine hawezi. Ndiyo maana haki ya kusema neno likasikilizwa inamhitaji zaidi yule asiyeweza kuondoka, na katika biashara nyingi hupewa yule mwingine.

Katika miaka ya karibuni minada ya kahawa imefanywa Kagera kwenyewe, ambapo zamani mnada uliojulikana ulikuwa wa Moshi. Ni hatua njema, kwa kuwa bei inatajwa mbele ya masikio ya mwenye mali. Lakini mimi ningependa kuangalia jambo dogo zaidi. Katika chombo cha kupimia unyevu, sindano au tarakimu huonyesha kama kahawa imekauka. Karani husoma, huandika, husema imepita au haikupita. Ningependa kujua chombo hicho kimeelekezwa upande gani wa meza: kama aliyeileta kahawa anaiona tarakimu kwa macho yake, kama anaweza kuomba ipimwe tena, na kama, akiambiwa ni mbichi, anaweza kulirudisha gunia lake nyumbani, kulianika siku nne zaidi, na kulileta tena bila mtu kulikata bei.